Mgonjwa wa Mwisho

"Kwa hiyo mimi ndiye kipofu?" Dada wa mapokezi alipandisha sauti mpaka wagonjwa wa meno kwenye benchi la nje wakasahau kuugulia. "Umemwambia daktari programu yako haina shida, anayekosea ni anayeandika majina."

"Sikukutaja."

"Kwani hapa tunaandika wangapi?"

Kijana aliyeitengeneza programu hiyo ya kutuma meseji za miadi akaketi mezani. Walijuana hapohapo kliniki, siku alipokuja shavu limevimba kama mpira, dada akamcheka huku anamshikia barafu. Leo ni wachumba, na dada ameambiwa na daktari akabidhi funguo jioni, eti wagonjwa wanakosa meseji za miadi kwa uzembe wake.

Kijana akavuta kompyuta. Asubuhi nzima aliishika uchawi ile funksheni, kipande cha programu kinachotuma meseji, akidhani ndiyo yenye kosa. Bure. Dada, macho mekundu, kola ya blauzi ya bluu imepinda, akamwambia bila kumtazama kwamba anayekosa meseji kila siku ni wa mwisho kwenye orodha, na wa kabla yake anapata mara mbili.

Vidole vya kijana vikasimama. Akachapisha orodha baada ya kila mzunguko, yaani kila programu ilipomaliza kupitia majina yote. Mzunguko wa kwanza, majina yote yapo. Wa pili, la mwisho halipo, la jirani yake limekaa mara mbili. Kwenye mzunguko wa kwanza aliweka rejea, ile alama ya & inayoruhusu kubadili orodha yenyewe, arekebishe namba za simu; ulipoisha hakuikata. Ikabaki imemng'ang'ania mgonjwa wa mwisho kama kupe, na mzunguko wa pili ukamwandikia juu yake kila aliyepita.

Dawa yake mstari mmoja tu, unset, amri ya kuikata rejea. Akauandika, orodha ikatoka safi. Angeweza kusingizia mtandao, nani angejua?

"Imekubali?"

"Imekubali. Kosa lilikuwa langu."

Ndipo dada akamtazama. "Daktari anataka kukupa na kazi ya kliniki yake ya pili. Akijua, hakupi."

"Asinipe."

"Usiwe mjinga, mpenzi. Angalau mmoja wetu abaki na kazi."

"Nimekuchafua kwa mdomo wangu. Nitakusafisha kwa huohuo."

Dada akamshika mkono wa shati. Kijana akambandua vidole taratibu, kimoja kimoja, akatoka kwenda kwa daktari, akafunga mlango.