Kiti cha Mwenye Manowari

Maji yaliyotuama chini ya meza ya mkutano yalikuwa ya chumvi. Shahida, wakili na katibu wa kamati, aliyaonja kwa ncha ya kidole kabla ya kukubali hivyo, kwani walikuwa ghorofa ya tisa katikati ya Nairobi, na maelezo ya kwanza yaliyostahili kuzingatiwa yalikuwa bomba bovu. Bomba halitoi maji ya bahari. Suala hilo aliliacha bila hitimisho.

Kamati iliketi kuamua hatima ya manowari kuukuu na meli ya shehena iliyoihudumia: zihifadhiwe au zikatwe vyuma. Shahidi wa mwisho alikuwa Idarus, mzee wa Lamu aliyehudumu manowarini miaka thelathini kama fundi wa mitambo.

"Mle mna mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Jini. Tulimwachia chumba cha minyororo ya nanga, na hatukuingia bila hodi. Mkiivunja nyumba yake, atataka kiti."

Mwenyekiti, Joash Were wa Riruta, alicheka. "Mzee wangu, huyo jamaa ako na hatimiliki? Kama ni kiti, hapa tuko navyo kumi na viwili. Achague!"

Wajumbe wakaangua kicheko, wakapitisha zikatwe. Shahida aliyaandika maneno yale kama yalivyotamkwa, akatia saini, na ndipo alipokumbuka kwamba kwao Pwani kiti cha jini si samani. Ni mtu anayepandwa. Ruhusa ilikuwa imetolewa mbele ya mashahidi, bila sharti lolote.

"Kamati iliruhusu, mwanangu," Idarus alimnong'oneza. "Kamati iondoe."

Shahida alimpigia Joash simu siku tatu mfululizo. "Bwana mwenyekiti, yafute maneno yale. Wanaanza kukata Jumatatu."

"Aki Shahida! Na digrii zako zote hizo?"

Jumatatu saa nne asubuhi Joash aliingia ukumbini akinuka kutu na dizeli, na kila alipoinua mguu ulisikika mnyororo mzito ukiburutwa sakafuni ingawa hapakuwa na mnyororo, na alipoketi akafungua mkutano kwa Kiamu cha kale, lahaja ya Lamu, ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha, huku macho yake, ambayo bado yalikuwa yake mwenyewe, yakimwangalia Shahida na kutokwa machozi.

"Napendekeza," alisema Shahida, "neno 'achague' liondolewe katika kumbukumbu."

"Nani anaunga mkono?" iliuliza sauti kinywani mwa Joash.

Wajumbe kumi waliinamia karatasi zao. Mmoja alisikika akisali. Hakuna aliyeinua mkono, ila Idarus, aliyeitwa na Shahida na kuketi karibu na mlango. Wake ulipanda polepole.

"Huyo si mjumbe," ilisema sauti, na Shahida, aliyezijua kanuni kuliko wote waliokuwamo, hakuweza kusema kwamba ilikosea.