Namba ya Kuazima

Kitabu kilikuwa kimoja, mikono miwili. Ilikuwa Ijumaa jioni pale sokoni Nilkhet, ambapo vitabu vya mitumba vimepandiana mpaka juu ya kichwa cha mtu, na wapita njia wanatembea ubavuubavu kama kaa.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Lubaba, mpimaji wa macho katika duka la miwani, mwenye kamizi ya rangi ya haradali na mtandio uliokuwa ukimteleza begani kila akiinama. Wa pili ulikuwa wa Ashfak, mkata vitambaa wa kiwanda kimoja cha Mirpur. Shati lake la kazini lilikuwa na nyuzi za kila rangi, na miguuni alivaa viatu vya mbio, vya kijani, vya kupiga kelele.

"Samahani, dada, nimekishika mimi kwanza."

"Wewe umeshika jalada. Mimi nimeshika kitabu."

Kilikuwa kitabu cha habari za mama mmoja muuza samaki aliyeanza kukimbia akiwa na wajukuu. Lubaba akavitazama vile viatu vya kijani miguuni.

"Kwani wewe unakimbia?"

"Kila asubuhi."

"Unakimbilia nini?"

"Basi la kiwandani."

Lubaba alicheka mpaka mtandio ukaanguka kabisa. Muuza vitabu, mzee aliyechoka na siku nzima ya watu wanaosoma bure, akawafokea: "Nyie wawili, mnanunua au mnaoana? Mnaniziba njia!"

Wakachanga, wakakinunua pamoja. Wiki moja kwa Lubaba, wiki moja kwa Ashfak. Kwa hiyo ilibidi wapeane namba za simu. Mapenzi mengi ya mji huu wa Dhaka yameanza kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Kitabu kilikwisha. Wao hawakwisha. Wakawa wanakutana alfajiri kando ya ziwa la Hatirjheel, ukungu umelala juu ya maji, wazee wamejifunga skafu shingoni, wanatembea na kukohoa. Lubaba alikimbia na suruali pana na shati refu la kaka yake, mtandio ameufunga kiunoni. Simu ilikuwa moja, na waya wa masikioni mmoja. Sikio moja lake, sikio moja la Ashfak. Waya ulikuwa mfupi, basi anayetangulia anamchomoa mwenzake. Wakajifunza kukanyaga pamoja, bega kwa bega. Siku moja ilikuwa ya nyimbo za mmoja, siku ya pili za mwenzake.

"Hizi nyimbo zako za sinema za zamani," alisema Ashfak akihema, "kila mtu anaachwa. Mtu anakimbiaje na msiba masikioni?"

"Na zako je? Fakiri mmoja, zeze la uzi mmoja, anauliza roho ilitoka wapi. Mimi hata hivi viatu sijui kaka yangu alivitoa wapi."

"Sikiliza maneno, kipenzi."

"Nasikiliza. Ananipa usingizi, nitaingia ziwani."

Baadaye walikunywa chai ya maziwa mazito kwenye kibanda, kila mmoja akimpulizia mwenzake kikombe. Nyumbani, mama yake Ashfak, Bi Hosne Ara, alikuwa amekwisha kunusa. "Huyo unayemnong'oneza chooni na simu," alimwuliza mwanawe, "utamleta lini nimwone? Au ana pembe?" Ashfak akasema karibuni, Mama, karibuni.

Zikaja zile mbio kubwa za mji, za majira ya baridi, nusu marathoni. Lubaba alikuwa amezingoja mwaka mzima. Kuandikisha majina kulifunguliwa mchana, na kabla mtu hajamaliza kuandika lake, nafasi zimekwisha. Zimekwendaje? Ukiwauliza wakubwa wa mbio watakwambia mtandao. Lakini kila mtu aliwaona watoto wa wadhamini wakipiga picha na namba zao, watoto ambao hata ngazi huwachosha. Sisi wengine ndivyo tunavyoishi: tunasimama foleni ya mlango ambao umefunguliwa kwa nyuma.

Ashfak alibahatika kupata. Kisha goti lake likavimba.

"Chukua namba yangu," alimwambia Lubaba. "Isiozee nyumbani."

"Si imekatazwa?"

"Kila mwaka watu wanaazimana. Nani anakagua?"

Lubaba aliigeuza ile karatasi ngumu. Nyuma kulikuwa na jina la Ashfak, na simu ya mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea: mama.

"Nikianguka je?"

"Mtu mwenye mdomo huo haanguki. Anaelea."

"Ashfak, sema kweli. Mazoezi yangu yanatosha?"

Ashfak aliona ule uso ulivyotamani. Alijua hayatoshi. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mizunguko yao ya ziwa.

"Yanatosha sana, mpenzi wangu," akasema.

Asubuhi ya mbio ilianza na ukungu, halafu jua likatoka ghafla na kuwakuta watu na nguo nzito. Lubaba alificha nywele ndani ya kofia, akakimbia kama mtu aliyeiba. Kwenye meza ya maji ya mwisho hapakuwa na maji. Chupa zilikuwapo, makatoni kwa makatoni, ndani ya hema la wageni wa heshima waliokuwa wamekaa tangu asubuhi hawajahama hata kivuli. Alipita meza ile na ulimi mkavu. Bendera za mwisho alikwisha kuziona alipoanguka.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Wahudumu walisoma namba ya kifuani, wakaitaja kwa simu ya upepo. Kwenye meza ya wasimamizi alikuwapo binti wa kujitolea, Piyali, mwanafunzi aliyepewa fulana na orodha. Akatafuta namba, akakuta jina, akapiga.

"Mama wa Ashfak? Mwanao ameanguka barabarani. Hana fahamu. Wamempeleka hospitali."

Bi Hosne Ara hakuuliza hospitali gani. Alitoka na kandambili moja. Wanakaa ghorofa ya tano, na umeme ulikuwa umekatika, lifti imesimama. Alishuka ngazi za giza akiita jina la mwanawe. Ghorofa ya tatu mguu ukakosa ngazi.

Ashfak alikuwa amesimama penye bendera za mwisho, mkononi ndizi na taulo, akinyoosha shingo. Jirani akampigia: mama yako ameanguka, nyonga, njoo. Akiwa juu ya riksha ndipo ukamfikia ujumbe wa mkimbiaji mmoja anayewafahamu, kwamba Lubaba naye yuko hospitali, nyingine, upande mwingine wa mji. Dereva aliuliza, "Tuelekee wapi, bwana?" Akataja ya mama. Nani atamlaumu kwa hilo? Hakuna, ila yeye mwenyewe.

Wodini mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa kama kipofu.

"Walisema umeanguka! Walisema huna fahamu!"

Hapo ndipo ukweli ulipotakiwa kusemwa. Ulikuwa mfupi tu. Lakini mama alikuwa analia kwa maumivu, na Ashfak akashika kilicho karibu.

"Walikosea kusoma namba, Mama. Si unawajua hao wakubwa, hata kusoma hawajui."

Mimi ni wa kwanza kuwarushia mawe wakubwa, na kosa la maji ni lao, sitawafutia. Lakini hili hawakulipika wao.

Bi Hosne Ara akaomba simu yake. Akairudia namba iliyompigia. "Wewe binti," alisema, "umeivunja nyumba yangu leo. Mungu akulipe kwa ulichonitenda." Akakata. Na tangu siku hiyo, kila baada ya swala, akiwa amekaa kitandani kwa kuwa kusujudu hawezi, aliinua mikono akamwapiza binti yule asiyemjua.

Jioni ile Lubaba alipiga, bado ana dripu mkononi.

"Uko wapi? Nilifumbua macho nikakutafuta."

"Mama amevunjika nyonga. Walimpigia yeye, badala ya..."

"Ya Rabi. Nakuja."

"Usije. Hajui. Nimemwambia walikosea namba. Ukija atajua."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Pumzika tu, Lubaba."

Siku nyingine humwita kipenzi. Leo alimwita jina. Lubaba akasikia humo hukumu: umemvunja mama yangu. Naye Ashfak, kila alipotaka kupiga, aliona msichana amelala peke yake na dripu, ambaye alimdanganya kwamba mazoezi yanatosha. Alisema moyoni, hatanisamehe. Basi simu zikapungua, zikawa salamu za Ijumaa, zikakoma. Wote wawili walidhani wanahukumiwa, na hakuna aliyekuwa kwenye kiti cha hakimu.

Lubaba aliacha mbio. Viatu alivisukuma chini ya kitanda. Nyimbo zake za sinema, aliyekuwa akiachwa humo sasa alikuwa na sura. Akajaribu vitabu vyake vya kutia moyo, vile vya jiamini, usikate tamaa, inuka. Hakuna hata kimoja chenye sura ya mtu aliyemvunja nyonga mama wa mpenzi wake. Dukani aliwawekea wateja lenzi usoni, akauliza, "Hapa unaona vizuri? Na hapa?" huku yeye mwenyewe haoni mbele.

Mama alirudishwa nyumbani akiwa na chuma nyongani na fremu ya kutembelea. Mimi nimewahi kuuguza mke. Najua nyumba yenye mgonjwa inavyosikika, kila sauti inaingia mwilini. Ashfak alikuwa anaisikia ile dua mara tano kwa siku. Ijumaa moja ikamshinda. Akapanda juu ya paa, kati ya nguo zilizoanikwa, akapiga.

"Lubaba."

"Mama hajambo?"

"Anapiga hatua mbili tatu. Lubaba, anamwapiza yule binti aliyepiga simu. Kila swala. Mkono wake ukauke, nyumba yake iingie giza. Binti hana kosa lolote."

"Na wewe unafanya nini?"

"Ananitazama, bwana. Nitafanyaje? Naitikia amina."

"Unaitikia amina?"

"Usinicheke."

"Nani anacheka? Ashfak, laana hiyo mwenyewe ni mimi. Nakuja kuichukua."

"Usije, nakuomba. Ataku..."

"Niko njiani."

Alipanda ngazi za zile ghorofa tano kwa miguu ingawa lifti ilikuwa inafanya kazi. Alivaa kamizi nyeupe isiyo na nakshi na mtandio ameubana vizuri, mkononi mfuko wa zabibu, maana hata mkosaji haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Kwenye ghorofa ya tatu alisimama, akashika ukuta.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam." Bi Hosne Ara alimtazama toka kichwani mpaka vidoleni, akamgeukia mwanawe. "Ndiye huyu? Mbona hana pembe? Kaa, mwanangu."

"Sikai, mama. Yule binti hakukosea namba. Namba aliisoma vizuri. Nilikuwa nimeivaa mimi. Ni mimi niliyeanguka. Na wewe ulianguka kwa ajili yangu."

Feni ilizunguka. Mama alinyoosha shuka juu ya goti, akalinyoosha tena.

"Nilimpa mimi, Mama," alisema Ashfak. "Alikataa. Nikamdanganya kwamba anaweza."

"Wewe nyamaza." Hakupaza sauti. "Mfupa ni mfupa. Mfupa ningekusamehe kabla ya chai. Lakini umeniacha nimwombee mabaya mtoto wa watu. Kwa mikono hii, hii niliyokuombea wewe tangu hujazaliwa. Na wewe ukakaa hapo, ukaitikia amina!"

Ashfak aliinama mpaka paji likagusa ukingo wa kitanda.

"Mama, mimi..." alianza Lubaba.

"Na wewe sijakusamehe. Ila umekuja kwa miguu yako. Huyu mwenye miguu miwili alikuwa amekaa." Akanyoosha kiganja. "Simu yangu."

Aliitafuta namba ile mwenyewe, akaweka sauti ya wazi, maana sikio lake moja ni zito. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Binti, ni yule mama wa mbio."

"Mama, usikate!" Sauti ya Piyali ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyekimbilia simu. "Tafadhali usikate. Nilitaka kuja kuhani, sijui nyumba. Niliwauliza wakubwa wetu, wakasema nisijihusishe. Mama, mwanao mmemzika wapi? Nataka tu nipeleke maua."

Bi Hosne Ara alifumba macho. Aliisukuma simu kwa Lubaba kana kwamba inamchoma.

"Mwambie wewe."

Lubaba alipiga magoti kando ya kitanda. "Dada, hakuna aliyezikwa. Aliyeanguka ni mimi. Nilivaa namba isiyo yangu. Niko hai."

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Mama alisema nimeivunja nyumba yake, nikajua mwanawe amekufa. Sema tena."

"Niko hai, dada yangu. Hukukosea kitu."

Upande wa pili mtu alianza kulia, kilio kirefu, kibaya, kisicho na haya. Walimngoja wote watatu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kilipopungua, Piyali alivuta makamasi, akauliza, "Na wewe ni nani kwa mama huyu?"

Lubaba akamtazama Ashfak, na Ashfak, uso umelowa, akamtazama mama yake kama mtu asiye na haki ya kuomba.

"Mwambie wewe ni mkwe wangu," alisema Bi Hosne Ara, uso ameelekeza ukutani. "Halafu mwelekeze nyumba. Mwambie aje kesho, nina neno langu la kumwambia usoni. Kama hatanisamehe, basi, ni haki yake."

"Mimi ni..." Lubaba alianza. Ashfak akaweka mkono wake juu ya ule ulioshika simu, naye hakuuondoa. "Mimi ni mkwe wake," akasema. Kisha akaanza kuelekeza: mtaa, msikiti wa kona, jengo la bluu, ghorofa ya tano.