Majivu Kwenye Bluberi za Yonas

Krr, krr, krr.

Kabla jogoo hajawika nilimsikia mjukuu wangu Mectilda akikomba majivu jikoni. Hukomba taratibu ili asiniamshe, ila mimi huwa macho. Tangu nyonga ivunjike, usingizi wangu ni wa kubahatisha.

"Meki, leo tena mapema hivi?"

"Lala, bibi. Yonas anakuja. Nataka azikute zimepata nguvu."

Alikuwa anazisema bluberi, vile vitunda vya buluu vya kizungu. Yonas, mchumba wake, ni kibarua kwenye shamba kubwa la matunda huko Njombe. Mwanzo wa mvua alileta miche hapa kwetu Bashay, ile aina fupi isiyofika hata gotini, akaipanda nyuma ya jiko kando ya vitunguu. Alituambia wazi: baridi yetu inaifaa. Ikishika, anaacha kazi ya mbali, anaoa, analima hapa hapa. Isiposhika anabaki Njombe, na mke itabidi amfuate. Meki hawezi kumfuata, kwa sababu yangu. Bila yeye sifiki hata chooni.

Basi miche ile tuliiombea kuliko mahindi. Lakini majani yaligeuka njano, na kadiri Meki alivyoihudumia ndivyo ilivyozidi kunyong'onyea.

Yonas alifika na bodaboda asubuhi. Kabla ya kutazama bustani alikuja kunishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko wanakulisha matunda tu?"

"Ndege ndio wanakula, bibi. Sisi tunachuma."

Meki akacheka, wakaenda bustanini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, naona kila kitu na siwezi kunyanyuka.

Yonas akachuchumaa, akasugua udongo kwa vidole.

"Nani kamwaga majivu hapa?"

"Mimi."

"Mara moja?"

"Kila asubuhi."

Akasimama. Uso ulikuwa umebadilika.

"Meki, kama hunitaki si ungesema? Ungenipigia tu simu."

"Unasema nini wewe?"

"Mtu akitaka kuua bluberi hahitaji sumu. Majivu yanatosha! Huu mti unataka udongo mchachu, ndiyo maana nilibeba ule wa chini ya miti ya paina. Majivu yanaumaliza uchachu wote. Na nimesikia mwalimu Gerald haishi kuja hapa."

"Mwalimu Gerald ana wajukuu, Yonas! Anamletea bibi komunyo!"

Sauti ya Meki ilikatika hapo. Nikaona machozi, na mimi siwezi kwenda kumfuta.

"Yonas," niliita, "njoo hapa."

Akaja, kichwa chini.

"Mama yako vitunguu anavipa nini?"

"Samadi na majivu, bibi."

"Na kabichi?"

"Majivu."

"Mahindi yakiingiliwa na funza?"

"Majivu, bibi."

"Sasa huyu anaamka gizani, anayachekecha mkaa wote utoke. Vitunguu vyangu anavipa makapi. Miche yako anaipa yale laini kama unga. Ulimwambia asiweke?"

Akayatazama majivu yaliyobaki vidoleni mwake.

"Kule tunapikiwa kwa gesi, bibi. Majivu siyaoni. Hata sikuyakumbuka. Sikumwambia."

Alirudi bustanini. Meki alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye matope.

"Kwa hiyo nimeiua mwenyewe."

"Hapana. Mimi ndiye sikusema. Nisamehe kwa lile neno."

Akachukua kata ya maji, akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, mpaka majivu yakatoka kwenye kucha. Niliwaangalia, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Halafu wakafukua miche yote pamoja. Mizizi ilikuwa imeungua, myeusi.

"Hata mmoja?" Meki aliuliza.

Yonas akatikisa kichwa.

Simu yake ikaita. Alikuwa Abel, msimamizi wake, sauti kubwa hata mimi naisikia.

"Yonas, unarudi au nafasi nimpe mwingine? Nijibu sasa hivi!"

Yonas akamtazama Meki. Meki akanitazama mimi.

"Nipelekeni Katesh kwa mwanangu Thadei," nikasema. "Ninyi nendeni mkaoane."

"Mjomba anashinda sokoni, bibi. Usiku nani atakugeuza?"

"Nitajigeuza."

"Bibi, jamani."

Nilishika mwimo wa mlango nijaribu kusimama, waone. Nyonga ilikataa. Wote wawili walinikimbilia, wakanikalisha tena.

"Narudi, bosi," Yonas akaiambia simu.

Kabla ya kuondoka alipasua kuni zote zilizokuwa nyuma ya nyumba, akajaza madumu maji. Hakuna aliyemtuma. Bodaboda ilipopiga honi, Meki hakumsindikiza. Alisimama tu kwenye kona ya jiko akishika nguzo.

Mchana ujumbe ukaingia. Meki akanisomea, kisha akausoma tena peke yake kimyakimya.

"Nipo Mbulu stendi, basi linajaza. Nikipata miche mingine nitaileta. Safari hii nitakufundisha vizuri. Usilie."

Meki akampigia. Nilisikia injini ya basi na kondakta akiita abiria.

"Yonas, usilete miche."

"Kwa nini? Umekata tamaa?"

"Ikifa tena tutasema nini? Kila jani likigeuka njano roho inaniruka. Siwezi tena."

"Sasa nije na nini, Meki? Bila miche, watu wakiniuliza nimefuata nini kwenu nitawajibu nini?"

Meki akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Waambie umenifuata mimi. Hata ukija mikono mitupu, hata ukikaa siku moja tu, Yonas. Njoo tena ututembelee."