Mgongo wa Fundi Cherehani

Mafuta yalikataa kushika joto. Mama Viganja, kama wateja wake walivyomwita, aliyasugua mikononi mpaka yakafuka, lakini yakigusa tu mgongo wa yule fundi cherehani yanakuwa ya baridi.

Kabla ya kumlaza alikuwa amemuuliza anayomuuliza kila mteja. Ana presha? Ana mimba? Amewahi kupasuliwa? Kuna mahali hapaswi kuguswa?

"Hakuna, dada. Ni kuinamia cherehani tu."

Basi akakanda. Alipofika katikati ya mabega, kitu kikajikunja chini ya ngozi, kikanyooka, halafu vidole vikavishika vidole vyake. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Mteja akashusha pumzi, akalala fofofo.

Jioni, Mama Viganja akimsuka binti yake, mikono yake iliacha nywele ikashuka shingoni, ikaanza kubana, naye anaitazama kama ya mtu mwingine, anaivuta haiji, anamwita mumewe kwa sauti isiyotoka, huku mtoto akirusha miguu na ile harufu ikipanda kutoka kwenye kucha zake mwenyewe.

Mumewe, dereva wa lori, aliibandua kidole kimoja kimoja, akaifunga kwa taulo.

Kesho yake walimfuata fundi cherehani, wakaenda naye kwa mganga, mwanamke mkavu asiyepandisha sauti.

"Ulikatazwa nini?" Mama Viganja alimuuliza fundi.

"Kuguswa pale kati." Fundi alikuwa analia. "Sijalala tangu tumzike mama, dada. Ningekuambia, ungenigusa?"

"Nisingekugusa."

"Ndiyo maana nikanyamaza."

Mganga alifukiza, akanong'ona, akabembeleza, akatukana. Mwishowe akaketi, jasho likimtiririka.

"Halitaki kwenda bure," alisema. "Limeingia kwa kushikwa mkono, litatoka kwa kushikwa mkono. Linataka mwili mwingine."

Wote wakageuka kumtazama fundi cherehani. Mlango ulikuwa wazi, na yeye hayupo.

Nyumbani Mama Viganja alimsihi mumewe. "Nikate, baba. Panga liko jikoni. Afadhali nisiwe na mikono kuliko nisiwe na mtoto."

"Usiseme hivyo. Lala kidogo, nipo hapa."

Hakutaka kulala, lakini mwili ulikuwa umechoka, na macho yakamsaliti mchana kweupe, na ndani ya usingizi alihisi mtu akifungua taulo taratibu, akipenyeza vidole katikati ya vidole vyake, akivishikilia huku akisaga meno.

Alipozinduka mikono yake ilikuwa na joto. Alikunja ngumi, akakunjua. Ikamtii. Akacheka, akalia, akamwita mumewe.

Mumewe alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali, mikono nyuma.

"Baba nanihii, umefanya nini?"

"Mchukue mtoto, mpeleke kwa bibi yake," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi, mama. Na msiniage kwa mkono."

Nyuma ya mgongo wake, vidole vilikuwa vinakwaruza ukuta.