Disketi Iliyofunguliwa Jinja

Mwaka ule wa 1998, kila Jumatano baada ya kufagia, wanafunzi wa darasa la saba wa shule moja ya Namatala, mjini Mbale, walijipanga mbele ya kompyuta pekee ya shule. Ilikuwa kukuukuu, tena yenye kiburi. Kuiwasha kulihitaji subira. Jumatano hiyo iliwaka vizuri, ila kitabu kikagoma kufunguka.

Kitabu chenyewe hakikuwa cha karatasi. Kilikuwa ndani ya disketi, kitabu cha sayansi chenye maswali na picha, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu Gidudu alikuwa amemtuma Nandutu, mmoja wa wanafunzi hao, akinunue Jinja, alipokwenda likizo kwa mjomba wake.

Kwa mara ya nne kioo cha kompyuta kiliandika kwamba ruhusa ya kukifungua kitabu imekwisha kutumika. Mwalimu akapiga meza.

"Wametuuzia disketi mbovu! Jumamosi nakwenda kuwaambia machoni kwamba ni wezi!"

Nandutu alikasirikia kompyuta, akakasirikia duka, na zaidi akajikasirikia mwenyewe. Kule Jinja alishindwa kungoja. Aliiingiza disketi katika kompyuta ya ofisini kwa mjomba, akasoma kurasa mbili, akaitoa. Kurasa mbili tu! Kitabu cha karatasi ukikichungulia hakisusi. Hiki kilikuwa kitabu cha namna gani?

"Watu wa duka hilo wafungwe," alisema Otim, jirani yake darasani.

Hapo Nandutu hakuweza kuvumilia tena. "Mwalimu, si wezi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliifungua kwanza kwa mjomba. Niliogopa kusema."

"Na mimi saa nzima natukana watu!" Mwalimu alifoka. Kisha akashusha pumzi. "Jumamosi tutakwenda pamoja. Utayasema hayo mwenyewe."

Dukani Jinja, Hajati Kulusumu, mwenye duka, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kitabu hiki hukubali kompyuta moja tu, na hubaki ndani yake hata disketi ikitolewa," alisema. "Kikiondolewa katika ile ya kwanza, ruhusa hurudi kwenye disketi. Umefanya vizuri kusema, binti yangu. Bila hivyo tungebishana mpaka jioni."

"Na hayo yameandikwa wapi, Hajati?" Mwalimu aliuliza, ukali ukimrudia. Aligeuzageuza boksi la disketi. Lilikuwa na picha ya mapafu na jina la kitabu, basi.

Hajati aliinamisha macho. "Hayakuandikwa. Nilijua, mwalimu. Nilihofia wateja wakisoma watakimbia."

Walikwenda ofisini kwa mjomba, wakakiondoa kitabu kama Hajati alivyoelekeza, na kioo kikaonyesha kwamba ruhusa imerudi. Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Waliporudi dukani kuaga, Hajati alimpa Nandutu kalamu nene. Juu ya kila boksi la kitabu hicho dukani Nandutu akaandika kwa herufi kubwa: KINAFUNGUKA KATIKA KOMPYUTA MOJA TU.

Kabla wino haujakauka, mteja mmoja aliinua boksi, akasoma, akalirudisha, akaenda zake. Nandutu akamtazama Hajati kwa wasiwasi.

"Mwache aende," alisema Hajati. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kwenye boksi, wewe ukaficha moyoni, na walioumia ni wenzako ambao hawakuficha chochote."