Kufa, Nitoke

Hebu wewe uliyekaa hapo, sema kweli: umewahi kusikia mtu akibisha hodi kutoka ndani ya kompyuta iliyozimwa?

Obitre alisikia. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza anafungua chumba chake cha gemu, ufagio mkononi, soko la Arua limeshaanza makelele yake. Ngo. Ngo. Akazunguka nyuma ya mashine, akakuta waya umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Ngo. Akajiambia ni panya. Mtu mwenye digrii ya ugavi na manunuzi, aliyeomba kazi mpaka mabawabu wa ofisi wakawa wanamsalimia kwa jina, hawezi tena kuongeza majini juu ya matatizo yake. Akaupiga ubavu wa mashine teke dogo. Panya akanyamaza.

Vyumba vingine vya gemu mjini vilikuwa vya mpira wa miguu. Obitre na mdogo wake Ezati, naye na diploma yake ya kompyuta iliyooza kwenye bahasha, walichagua njia yao. Walikuwa na programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine za zamani, zile za kabla hawajazaliwa, na ndani yake wakaifufua michezo ya ngome: kijimtu chembamba kama njiti kinakimbia kwenye korido za mawe, kinaruka mashimo ya misumari, kinapigana upanga na walinzi, kinatafuta mlango wa kutokea. Walikuja walimu wastaafu, wakaja waendesha boda wa Onduparaka, wakakaa kwenye benchi kungoja zamu. Sheria ilikuwa moja, imeandikwa ukutani kwa makaa: UKIFA, UNAPISHA.

Ila Ezati hapishi. Programu ile inakuruhusu kusevu pale ulipofika. Kijimtu kikichomwa, unabonyeza kitufe cha kurudi, kinasimama kizima kama hakijawahi kuona upanga.

"Wewe iko kama mbunge," Kabiru wa boda alimwambia siku moja. "Unakufa, unakufa, na kwa kiti hutoki."

Benchi zima likacheka. Ezati akabonyeza kitufe.

Kompyuta yenyewe walikuwa wameinunua Koboko, kwenye mnada wa ofisi moja iliyofungwa. Ofisi ile haikuwa na kibao, na watu wake hawakuwa na sare. Nani angeuliza? Kitu cha bei rahisi hakiulizwi ukoo. Programu ilikuwemo tayari, na michezo ilikuwemo, na pia mahali pamoja paliposeviwa na mwenyewe wa kwanza. Hawakupafuta. Uvivu ule, wa kuendelea pale mwingine alipoachia, ndio ulioleta yote.

Mchana wa siku ile ile ya panya, benchi likiwa tupu, Ezati akapafungua.

Ikatokea korido, mienge ukutani, shimo la misumari, na ng'ambo ya shimo mlango wa nondo. Nyuma ya nondo alikaa mtu, mikono imefungwa kwa nyuma, kichwa kimeinama. Ezati aliyejua kila jiwe la ngome ile hakuwahi kumwona.

"Nani alichora huyu?"

"Mtu bila kazi, kama sisi," Obitre akasema.

Kukaja harufu. Mkojo wa siku nyingi, na juu yake mpira unaoungua. Léontine, fundi cherehani wa chumba cha pili, Mkongo asiyejua kunyamaza, akatia kichwa mlangoni. "Mutu gani anachoma tairi? Vitambaa ya watu itanuka, mon frère."

Ezati akaruka shimo. Hakufika. Kijimtu kikashukia misumarini, na Ezati akasema "ah", kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akavua kandambili. Katikati ya unyayo palikuwa na tundu, limepenya mpaka juu, damu inatoka polepole na nyeusi. Kandambili ilikuwa nzima, na sakafuni hapakuwa na kitu.

Mkono wake ukabonyeza kitufe cha kurudi. Kijimtu kikasimama kizima. Mguu wa Ezati haukupona.

Kisha spika, ambayo ilikuwa imekufa tangu mnada, ikasema kwa sauti ya mtu mwenye midomo iliyovimba:

"Kufa, nitoke."

Kwenye kliniki nesi aliuliza ni msumari gani, nao wakasema hawakuuona. Jioni Obitre aliichomoa mashine, akaifunika gunia, akamwapisha mdogo wake kwa jina la mama yao kwamba hataigusa. Asubuhi akapanda taksi kwenda Koboko.

Ofisi ilikuwa na kufuli lenye kutu. Ng'ambo ya barabara mwanamke alikuwa anauza chai, kiti chake kimeelekezwa kwenye mlango ule, si kwa wateja. Jina lake Agnes Keji.

"Mama, wale watu wa nyumba hii walienda wapi?"

Akamtazama toka viatu mpaka macho. "Wanaokuja kuuliza nyumba hii wanatafuta mtu. Wewe hutafuti mtu." Akapunguza sauti. "Ile mashine. Inabisha? Hapa nayo ilibisha, mpaka wakaiuza."

Obitre akakaa chini bila kukaribishwa.

"Taban, mume wangu, alikuwa fundi wa baiskeli," Agnes Keji akasema. "Walimuchukua wakasema anabebea waasi wa porini mizigo. Candia alifungwa naye. Candia alitoka bila meno, ndiye aliniambia. Yule mkubwa wao alipenda mchezo wa ngome. Anamuketisha Taban pembeni, mikono nyuma, anamuambia: mimi nikifa humu, wewe unaenda nyumbani kwa mke wako. Basi Taban anatazama. Anaomba Mungu. Kile kitu kidogo kinakufa, Taban anasimama aende. Mkubwa anabonyeza, kinafufuka. Anasema, nani amekufa? Umeona mimi nimekufa? Na wanamupiga kwa kusimama bila ruhusa. Kinakufa tena, wanampiga. Wakachoma mpira wakamwangushia matone mgongoni. Wanacheka, kijana. Wanakunywa chai yangu na wanacheka, mimi niko hapa sijui." Akapangusa sufuria iliyokuwa safi. "Mpaka siku moja hakusimama. Mwili sikupewa."

Simu ya Obitre ikalia. Ilikuwa Léontine, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananong'ona. "Kuja. Ndugu yako alirudia ile kiti. Alisema anamaliza tu kidogo. Anacheza na meno yake iko inaanguka, Obitre. Inaanguka ku mashine."

Mtu aliyefeli kila usaili Uganda nzima hawezi kukubali kufelishwa na mchezo pia. Obitre aliijua hasira hiyo, ilikuwa yake. Alipoinuka, Agnes Keji alikuwa ameshamwaga chai yote barabarani.

"Nipeleke kwa mume wangu," alisema.

Walifika mvua ikipiga mabati na umeme umekatika mji mzima, majenereta yakinguruma madukani, na ndani ya chumba cha gemu, ambako hapakuwa na jenereta wala betri wala chochote, skrini ilikuwa inawaka peke yake na kummulika Ezati, aliyekaa wima kama amefungiwa kitini, shati limepasuka ubavuni na ubavu wenyewe umepasuka chini ya shati, sikio moja linaning'inia kwa ngozi, mdomo ni shimo, na vidole vyake, vilivyovunjika viwili hivi vikielekea kusikopaswa, bado vinapigapiga vitufe, kuruka, kuanguka, kurudi, kuruka, kuanguka, kurudi, na kila kijimtu kilipoanguka kitu kikachanika katika mwili wa Ezati, na kila kilipofufuka hakikushonwa, na chini ya yote, chini ya mvua na chini ya jenereta za watu, ngo, ngo, ngo, na ile sauti ya midomo iliyovimba ikisema kufa, nitoke, kufa, nitoke, si kwa hasira, kwa kuchoka. Kabiru alikuwa amelala chini ya ukuta ameukumbatia mkono wake. Alijaribu kumvuta Ezati, kilichomrusha hakukiona.

"Taban," Agnes Keji akasema.

Ngo.

"Taban. Mimi, Keji."

Kubisha kukakoma. Nyuma ya nondo, mtu aliyefungwa akainua kichwa, na Obitre akatamani asingekiinua, maana uso ule haukuwa umechorwa.

"Huyu siyo yule," mwanamke akasema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. "Tazama mikono yake. Hajapiga mutu huyu. Hana bunduki, hana gari, hata kazi hana. Muachie mtoto wa watu."

Ezati akadondoka kitini kama nguo. Léontine akamdaka, akamziba ubavu kwa kitambaa cha gauni la harusi la mteja.

Skrini haikuzimika. "Kufa," ile sauti ikasema tena, sasa ikimwomba kila mmoja. "Nitoke."

"Aliahidiwa," Agnes Keji alinong'ona. "Mpaka mutu afe humo na asirudi. Hajui njia ingine."

Obitre alisoma ukuta wake mwenyewe. UKIFA, UNAPISHA. Akawatazama walioko chumbani: mmoja amevunjika mkono, mmoja anavuja damu, wawili ni wanawake, na wanawake wamekwishapoteza vya kutosha kwa ajili ya wanaume waoga. Akakaa. Kiti kilikuwa na joto na kimelowa. Akakisogeza kijimtu ukingoni mwa shimo, akaona kwamba mkono wake wa kushoto umeshatambaa kwenye kitufe cha kurudi, na hapakuwa na jini lililousukuma, ulikuwa ni mkono wake tu, mkono wa mtu anayetaka kuishi. Akaukalia mkono ule. Kwa mkono wa kulia akaruka, na misumari ikamwingia nyayo zote mbili kwa pamoja, ikapita katikati ya mifupa mmoja mmoja bila haraka, ikatokea juu, na mwili wake wote ukamlilia abonyeze, bonyeza, kitufe kiko pale, mkubwa yule alibonyeza akaenda kula, bonyeza, na Obitre akauma ulimi mpaka ukakatika ncha, akabaki ameukalia mkono, akitazama kijimtu kimelala, kimelala, kimelala.

Mlango wa nondo ukafunguka.

Mtu yule akasimama kwa woga, kama anayesubiri kupigwa kwa kusimama. Hakupigwa. Akatembea mpaka ukingo wa skrini, skrini ikawa nyeusi, na harufu ya mkojo na mpira ikawapita usoni na kutoka mlangoni. Nje, kwenye tope, nyayo tupu zikaanza kujichapa, moja, nyingine, kila moja na damu katikati.

"Twende nyumbani, Taban," Agnes Keji akasema mvuani.

Nyayo zikasita mbele yake. Kisha zikamzunguka, zikashika barabara ya Koboko kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli.

Aliziangalia mpaka mvua ikazifuta. "Haendi nyumbani," alisema. "Anaenda kwa waliomuahidi."

Ezati yu hai, anakunywa uji kwa mrija. Obitre anatembea kwa magongo. Digrii yake haijaitwa popote. Mashine waliichoma, nayo ilikaa kimya ndani ya moto. Lakini Koboko, kwenye nyumba zile mpya zenye ukuta mrefu na mbwa, walikohamia watu wa ofisi ile, watu wameanza kusikia hodi kutoka ndani ya televisheni zilizozimwa. Mmoja amekwisha kukutwa amekaa mbele ya yake mchana kweupe, geti limefungwa, mbwa wamejificha uvunguni, nyayo zake ni chujio na meno yake yamepangwa vizuri mapajani.

Basi nyinyi mliobaki. Mnajijua, na chai ya yule mama mlikunywa. Agnes Keji hataki kamati, hataki rambirambi, hataki gunia la unga lenye picha ya mgombea. Kiti chake bado kimeelekea mlango wenu. Vukeni barabara, mchana, mbele ya watu, kabla hamjabishiwa, mmwambie: mwili wa Taban mliuzika wapi?