Koki Nyuma ya Kabati

Kitendawili! Ana meno lakini hali. Ni mdogo kama kidole, lakini akipotea mwenye nyumba analala nje.

Niliwategea watu wangu kitendawili hicho siku tuliyohamia. Tulikuwa tumekaa juu ya maboksi, tunakunywa chai. Vitanda vilikuwa havijafungwa. Masufuria yalikuwa ndani ya ndoo, na ndoo ilikuwa ndani ya beseni.

"Ni panya," alisema mwanangu.

"Panya hali? Panya anakula hadi sabuni! Umekosa. Nipe mji."

"Mama, leo siwezi kutoa hata kijiji. Mgongo umekatika."

"Ni ufunguo!" alidakia mjukuu wangu. Huyu ana miaka tisa. Tunamwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Alipata. Tulicheka. Hatukujua kwamba ufunguo huohuo ungetutia kiwewe asubuhi yake.

Mwanangu ni seremala. Mkewe ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja walipanga chumba na sebule, huku wamejifunga mkanda. Mwaka huu wakanunua nyumba. Si nyumba mpya. Ina vyumba vitatu, jiko, choo cha ndani, na ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo. Aliyewauzia ni mzee mmoja aliyekwenda kuishi na watoto wake.

Siku ile ya kwanza, kabla hata ya kufunga kitanda, mwanangu alifunga kabati la jikoni. Alilitengeneza karakanani kwake kwa miezi miwili. Alikuwa amekuja kupima ukuta mara tatu. Kabati lilikaa sawasawa, kutoka kona hadi kona, kama limezaliwa pale.

"Kwanza kabati," alisema. "Nyumba isiyo na kabati ni kituo cha mabasi."

Mkwe wangu alikuwa na lake moyoni. Hospitali ilikuwa imempa kazi kwa mara ya kwanza. Magauni thelathini ya wauguzi, meupe pe, yapelekwe Ijumaa. Marobota ya vitambaa aliyaweka sakafuni, katika chumba kilicho karibu na jiko.

"Mama," aliniambia, "wakiipenda kazi hii, nitashonea hospitali nzima. Lakini ni nguo nyeupe. Doa moja tu, nimeumbuka."

Asubuhi yake, Jumapili, tulikuwa mezani. Mara tukasikia kitasa kinalia. Kach! Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume amebeba mtungi wa gesi begani.

"Shikamoo mzee," alisema bila kutazama. "Gesi yako hii."

Mkwe wangu alipiga yowe. Kasuku alimtupia kandambili, ikampata puani.

"Jamani! Mimi ni wa gesi!" alilia yule mtu. "Mzee alinipa ufunguo mwenyewe! Masikio yake mazito. Nilikuwa nabisha hodi mpaka nazeeka!"

Kabla hatujajibu, jirani yetu wa ukuta wa pili aliingia. Ameshika ufagio kama rungu.

"Nani anachinjwa huku?" aliuliza.

Huyo ndiye Mama Koki. Alifanya kazi ya mabomba ya maji kwa miaka thelathini, na mtaa mzima unamwita jina hilo. Ana mikono mipana, na miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu. Tulimweleza yaliyotokea. Alishusha ufagio, akacheka. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ina maana vitasa hamjabadilisha?"

"Mzee alitupa funguo zake zote mbili," alisema mwanangu.

"Na huyu wa gesi ana wa tatu. Je, wa nne anao nani? Wa tano? Mzee ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini hata yeye hakumbuki alimpa nani. Mwanangu, ukinunua nyumba, jambo la kwanza ni vitasa. Mlango wa mbele na wa nyuma. Tena leo. Leo amekuja mtu na gesi. Kesho atakuja mtu kubeba cherehani."

Yule wa gesi aliweka ufunguo wake mezani, taratibu, akaomba radhi. Tukamwomba radhi na sisi kwa ile kandambili.

Mwanangu ni mwepesi wa mikono. Kufika saa sita mchana, vitasa viwili vipya vilikuwa mahali pake. Mama Koki alivijaribu mara kumi.

"Safi," alisema. "Sasa niambie. Maji ya nyumba hii yanafungwa wapi?"

"Kwenye bomba," alijibu mwanangu.

Mama Koki alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya, njoo jikoni."

Aliweka ndoo ndani ya sinki, akafungua bomba mpaka mwisho.

"Tuseme bomba hili limepasuka," alisema. "Huwezi kulifunga. Usiliguse. Zuia maji. Mimi nahesabu. Moja, mbili..."

Mwanangu alitazama chini ya sinki. Hakuna kitu. Akakimbilia chooni, akarudi. Akatoka uani, akazunguka nyumba. Tulimwona akipita dirishani mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Kasuku alikuwa anajishika tumbo kwa kicheko. Mama Koki alifika sitini na tano, ndoo ikafurika. Hapo alifunga bomba.

"Kila nyumba ina koki kuu," alisema kwa upole. "Ukiifunga hiyo, maji yote ya ndani yanakatika. Kila mtu wa nyumbani aijue ilipo, hata bibi, hata mtoto. Siku bomba likipasuka hakuna muda wa kuitafuta."

"Hakuna koki nyumba hii," alisema mwanangu huku anahema.

"Ipo. Tufuate bomba."

Tulianza nje, kwenye mita. Koki ya pale ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku, na inageuzwa kwa spana ya ofisi ya maji tu. Kutoka pale bomba lilipita chini ya dirisha, likaingia ukutani. Tukaingia ndani. Mama Koki alipapasa ukuta kama daktari anayepapasa tumbo. Akasogea, akasogea, akafika jikoni. Akasimama mbele ya kabati.

Sote tulimgeukia mwanangu. Hata Kasuku.

"Iko nyuma ya hili," alisema Mama Koki.

"Kabati hili lina skrubu ishirini na nne," alisema mwanangu. "Limenyooka kama rula. Halitoki."

"Baba Kasuku," alisema mkewe, "nguo zangu ziko chumba cha pili."

Mwanangu alitoka uani. Alikaa juu ya ndoo, ametupa mgongo. Nilimwonea huruma. Miezi miwili ya kazi! Mkwe wangu alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

"Mwache kwanza. Anaongea na kabati lake."

Baada ya muda alirudi. Alikuwa ameshika bisibisi. Alianza skrubu ya kwanza, akaenda ya pili, mpaka ya ishirini na nne. Mimi nimemzaa, nimemlea, nimemwona akijenga vitu vingi vizuri. Lakini sijawahi kumheshimu kama alasiri ile alipokuwa anabomoa.

Nyuma ya kabati tuliikuta koki, imejaa kutu na utando wa buibui. Mama Koki alijaribu kuigeuza. Haikutikisika.

"Mnaona? Hata mngeijua ilipo, isingewasaidia. Koki isiyoguswa miaka mingi inaganda. Igeuzeni kila mwezi, ifungeni na kuifungua, ili isisahau kazi yake."

Alimpigia simu mwenzake wa zamani wa ofisi ya maji. Kesho yake asubuhi mwenzake huyo alikuja na spana, akafunga maji ya mita. Mama Koki alivaa suruali yake ya kazi, akapiga magoti. Nilikaa kumtazama. Alizungushia uzi wa kuzuia uvujaji kwenye ncha ya bomba, akakaza, akapangusa, akatega sikio. Hakuna hata tone lililomponyoka. Kwa nusu saa koki mpya ilikuwa mahali pake. Inageuka kwa vidole viwili.

Alipokuwa chini pale, aliona jambo jingine.

"Mpira huu wa kupitishia maji chini ya sinki umezeeka. Una nyufa. Nunueni mpya."

"Jumamosi," alisema mkwe wangu. "Nikishapeleka nguo."

Kabla ya kuondoka, Mama Koki alituonyesha sanduku la umeme kwenye ukumbi. Lilikuwa na swichi kuu moja kubwa na swichi ndogo sita. Hakuna iliyoandikwa kitu. Mama Koki alizima moja moja, na Kasuku akakimbia kila chumba akipiga kelele: "Sebuleni giza! Jikoni giza!" Kisha Kasuku aliandika vikaratasi kwa mwandiko wake mzuri wa shule, akavibandika. Jikoni. Sebule. Chumba cha bibi.

Katika chumba cha cherehani, soketi moja ilikuwa imeungua kidogo pembeni. Ilikuwa na weusi.

"Hapa ndipo nachomeka pasi," alisema mkwe wangu.

"Usichomeke tena. Zima swichi yake. Mimi ni mtu wa maji, umeme siugusi. Mwite fundi umeme mwenye leseni." Aliitwa siku ileile. Alikuta waya umelegea nyuma ya soketi, akaukaza na kuweka soketi mpya. Alisema tungeendelea kupigia pasi pale, moto ungeanza ukutani.

Mwanangu naye alirudi kwa kabati lake. Hakulitupa. Alikata mlango mdogo mgongoni mwa kabati, mbele ya koki, akaupa bawaba na kishikio cha mbao. Aliupaka rangi nyekundu, akalifunga kabati upya mahali pake. Akatangaza sheria: mbele ya mlango ule hapawekwi sufuria, hapawekwi hata kijiko.

"Sasa limekuwa zuri zaidi," nilimwambia.

"Unanibembeleza, mama."

"Nakubembeleza, ndiyo. Lakini limekuwa zuri."

Alhamisi ikafika. Maji yalikuwa yamekatika mtaani tangu asubuhi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mkwe wangu alikuwa chumbani, anapiga pasi magauni ya mwisho. Mengine yalikuwa yamekunjwa sakafuni juu ya shuka, meupe kama maziwa.

Saa tisa alasiri maji yalirudi kwa nguvu. Bomba lilikohoa, likatema hewa. Kisha chini ya sinki nikasikia: pwaa! Mpira ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Maji ya kutu, ya rangi ya chai, yaliruka hadi ukutani. Yakaanza kutambaa sakafuni, moja kwa moja kuelekea chumba cha nguo.

"Mkwe! Maji!"

Alikuja miguu mitupu. Hakupiga kelele. Alifungua ule mlango mwekundu, akaingiza mkono, akageuza. Nilihesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Kimya.

Nilitupa taulo kizingitini. Maji yalifika kwenye taulo, yakakoma. Kutoka hapo hadi gauni la kwanza palikuwa na hatua mbili.

Mkwe wangu alikaa chini palepale kwenye maji. Alicheka, akalia, akacheka tena. Yule msichana nilimpokea akiwa mwoga hata wa mende. Siku ile nilimtazama kama natazama askari.

Jioni mwanangu alikuta sakafu inang'aa na mpira uliopasuka uko mezani. Aliyemsimulia alikuwa Kasuku, kama kawaida, ingawa yeye mwenyewe hakuwepo. Mwanangu alifungua mlango mwekundu, akaitazama koki.

"Nilipima ukuta huu mara tatu," alisema. "Sikuuliza hata mara moja una nini ndani."

Alitoka kwenda kununua mpira mpya, bila kungoja Jumamosi.

Ijumaa magauni thelathini yalifika hospitalini. Muuguzi mkuu aligeuza kila pindo, akatazama kila kola dirishani. Kisha aliuliza: "Mengine hamsini utayamaliza lini?"

Jumapili tulimwalika Mama Koki chai. Maboksi yalikuwa yamekwisha, na sasa kila mtu alikuwa na kiti. Tulimpa kiti kizuri kuliko vyote. Juu ya meza mkwe wangu aliweka ufunguo mmoja mpya.

"Huu ni wa akiba, mama," alimwambia. "Safari hii tunajua tumempa nani."

Mama Koki aliufunga kwenye kamba ya miwani yake. Alipangusa macho, akasingizia mvuke wa chai.

Hapo Kasuku alisimama. "Kitendawili!"

"Tega," tulijibu wote.

"Nina mlinzi nyumbani. Hali, hanywi, halali. Nikimgeuza shingo, mto unakauka."

Tulimtazama Mama Koki. Miaka thelathini ya mabomba! Yeye alikuna kichwa. Alitazama dari.

"Mbwa? Hapana, mbwa anakula. Mto, mto... Mjukuu wangu, nimeshindwa. Nakupa mji."

Kasuku alikwenda jikoni, akafungua mlango mwekundu ili Mama Koki aione koki.

"Baki na mji wako, bibi," alisema. "Sisi tuna nyumba."